Maji ya Bustani Yako Yametoka Wapi?



Mtu afikapo hospitalini akishika tumbo, twamwuliza mengi. Umekula nini? Umekunywa maji gani? Je, nyumbani mna choo? Maswali haya ni mema. Lakini liko swali jingine ambalo watu hawajalizoea, nami nataka kukuuliza leo, hata kama hujambo kabisa: Maji yanayonywesha mboga zako yametoka wapi?

Nasema mboga zako, hata kama huna bustani. Kwa maana lengalenga uliyonunua jana jioni kando ya njia ilitoka katika bustani, na bustani ile ilinyweshwa maji. Hukuyaona maji yale. Lakini yaliyokuwamo ndani yake yaweza kuwa yamefika nyumbani mwako pamoja na fungu la mboga.

SHIDA YETU HAPA HIMBI

Kwanza tujue tunakaa mahali gani. Mji wa Goma umejengwa juu ya moto uliopoa ukawa jiwe. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, uliposhuka katikati ya mji mpaka ziwani, tena tarehe 22 Mei 2021. Mawe hayo tunayaita makoro, na tunajengea nyumba na kuta. Yana faida. Lakini yametuletea shida mbili ambazo watu wa miji mingine hawana.

Shida ya kwanza ni choo. Mahali penye udongo laini mtu hushika jembe na sururu, naye huchimba shimo refu kwa siku chache. Hapa huvunja jiwe kwa nyundo, na pesa zake huisha kabla ya shimo kufika chini. Kwa hiyo vyoo vingi ni vifupi, tena hujaa upesi. Nao mji hauna mabomba chini ya ardhi ya kuchukua maji ya vyoo vyote na kuyapeleka mahali pa kusafishwa. Kila nyumba hutunza uchafu wake katika kiwanja chake, ama katika shimo, ama katika fosi. Shimo likijaa, au fosi ikipasuka, au mvua ikiwa kubwa, uchafu hutafuta njia. Njia yake siku zote ni kwa jirani anayekaa chini, kisha ziwani.

Shida ya pili ni maji. Tunaona Ziwa Kivu kila asubuhi, lakini mjini hatuna mto wala kijito. Mvua ikinyesha, mawe huimeza. Miezi ya kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti, udongo wetu mwembamba hukauka, na mwenye bustani hana budi kubeba maji kutoka ziwani au kununua bidoni.

Sasa weka shida hizi mbili pamoja. Upande mmoja uko uchafu wa choo unaotafuta njia. Upande mwingine yuko mama mwenye bustani anayetafuta maji. Ni rahisi wakutane. Maji meusi yanayovuja ukutani kwa jirani, au yanayopita katika mfereji, huonekana kama zawadi. Hayalipiwi, hayabebwi kichwani, na mboga hukua upesi, majani yakiwa mapana na ya kijani sana.

Ni kweli kwamba maji hayo yana mbolea. Simcheki anayesema hivyo. Uchafu wa choo una chakula cha mmea. Lakini mbolea na ugonjwa husafiri pamoja katika maji hayo, na jicho haliwezi kuvitenganisha.

NI NINI KILICHOMO NDANI YAKE?

Kwanza, mna mayai ya minyoo. Mnyoo mkubwa wa duara akiwa jike hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku moja. Mayai haya hutoka na choo. Yakikaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli majuma machache, huwa tayari kumwambukiza mtu, tena yaweza kuishi humo miaka kadhaa. Ganda lake ni gumu. Dawa ya klorini kwa kipimo tunachotia katika maji ya kunywa haiyaui. Mtoto mwenye minyoo mingi hula, wala hanenepi. Tumbo lake hujaa, naye darasani husinzia. Wakati mwingine minyoo huwa mingi hata huziba matumbo, na mtoto hupasuliwa.

Tena wako minyoo wa safura. Hawa hawangoji uwameze. Mtoto wa mnyoo huyu hukaa katika udongo wenye unyevu, hupenya ngozi ya mguu ulio wazi, huingia katika damu, hufika mapafuni, hupanda kooni, kisha humezwa na kushuka tumboni. Hapo hushika ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mama mwenye mimba aliyepungukiwa damu hivyo yu katika hatari kubwa siku ya kuzaa.

Yuko pia tegu wa nguruwe. Mtu akila mayai yake yaliyo juu ya mboga, wadudu wake huweza kusafiri mpaka kwenye ubongo na kukaa humo. Mtu huyo huweza kuanza kuanguka kifafa. Si kila kifafa hutoka kwa tegu, lakini kingine hutoka kwake. Majirani husema amerogwa, au ana pepo, nao humtenga. Ndugu wa kanisa, jihadharini na maneno hayo. Huenda mtu huyu alikula tu jani la mboga bila kupikwa.

Pili, mna vijidudu visivyoonekana ila kwa darubini: vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, na amiba. Kuhusu kipindupindu sina haja ya kuwafundisha watu wa Goma. Mwezi wa Julai 1994 laki nyingi za wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, na wengi wao waliuawa na kipindupindu na kuhara damu. Tena mwaka 2023 kipindupindu kilisumbua kambi zilizozunguka mji wetu. Ugonjwa huu haujatusahau, basi nasi tusiusahau.

WATU HUJIBUJE?

Ninapofundisha mambo haya, watu hunijibu kwa maneno manne. Nataka kuyapima moja moja, kwa maana kila moja lina kweli kidogo ndani yake.

Wa kwanza husema, "Babu zetu walitia samadi shambani, wala hawakufa." Ndiyo, lakini samadi ni mavi ya ng'ombe na mbuzi, nayo hukaa na kuoza kabla ya kutumiwa. Maji ya choo ni uchafu wa watu, tena mbichi. Minyoo mingi inayotusumbua sisi hutoka kwa mtu na kurudi kwa mtu. Tena babu zetu walikaa mbalimbali vilimani. Sisi tunakaa ukuta kwa ukuta.

Wa pili husema, "Mimi napika mboga zangu." Umesema vema, endelea hivyo. Moto huua karibu kila kitu. Lakini lengalenga kabla haijafika chunguni imeshikwa kwa mikono, imewekwa juu ya meza, imekatwa kwa kisu. Kisu kile kile hukata nyanya na vitunguu vinavyoliwa vibichi. Tena moto wako hauwezi kumsaidia mlimaji aliyesimama miguu wazi ndani ya maji yale, wala mtoto wake aliyeketi penye matuta akichezea udongo. Chungu chako humlinda anayekula, hakimlindi anayelima.

Wa tatu husema, "Mimi naosha mboga." Kwa maji gani? Ukiziosha ziwani, pale ambapo mfereji huingia na watu huoga, umebadili uchafu kwa uchafu. Hata maji safi yana kipimo chake. Shirika la Afya Duniani, katika maongozi yake ya mwaka 2006, lilihesabu kwamba kuosha kwa maji safi hupunguza vijidudu mara 10. Kumenya hupunguza mara 100. Kupika hupunguza mara 1,000,000 na zaidi. Basi kama jani lina vijidudu 1,000, ukiliosha, 100 wamebaki. Kuosha ni kwema, lakini kusibebeshwe kazi yote peke yake.

Wa nne husema, "Nitameza dawa ya minyoo." Dawa ni njema, nasi twaitoa. Lakini dawa huua minyoo iliyo tumboni leo. Haifungi mlango wa kesho. Mtoto akimeza dawa asubuhi na kurudi jioni katika tuta lile lile, amefukuza mwizi na kuacha mlango wazi.

MIJI MINGINE IMEONA NINI?

Kampala, Uganda, uko mfereji uitwao Nakivubo. Huchukua maji machafu ya mji na kuyapeleka katika bwawa la matete, kisha Ziwa Viktoria. Humo watu hulima magimbi na miwa. Wataalamu walipima choo cha watu wazima wa namna mbalimbali wanaogusana na maji hayo, na habari zake zilitolewa mwaka 2016. Waliokuwa na minyoo na vidudu vya tumbo kuliko wote hawakuwa wanaozoa uchafu wa vyoo, bali walimaji: karibu watatu katika kila wanne. Tafakari jambo hili. Anayezoa choo anajua kwamba ni choo, basi huvaa bote. Mlimaji hudhani ni maji.

Yerusalemu, mwaka 1970, kipindupindu kilizuka mjini. Walipotafuta chanzo walikuta mboga zinazoliwa mbichi zilikuwa zikinyweshwa maji ya vyoo vya mji, kinyume cha amri. Mboga zile zilipoondolewa na bustani kusimamishwa, ugonjwa ulikwisha.

Santiago, mji mkuu wa nchi ya Chile, ulisumbuliwa na homa ya matumbo miaka mingi, hata watu waliokuwa na maji safi ya bomba nyumbani. Mboga za saladi zilinyweshwa maji yenye uchafu wa mji. Mwaka 1991, kwa kuogopa kipindupindu kilichokuwa kimeingia Amerika ya Kusini, serikali ilikataza mboga hizo kunyweshwa maji hayo. Kipindupindu hakikuenea sana, na homa ya matumbo ilishuka upesi. Walikuwa wameziba tundu moja, maradhi mawili yakazuiwa.

JE, TUNG'OE BUSTANI ZOTE?

Wako wanaosema hivyo. Husema bustani za mjini zikatazwe, askari waje, mboga zitupwe. Mimi sikubali, nami nitaeleza kwa nini.

Mama anayelima kati ya makoro halimi kwa kupenda uchafu. Ana watoto wa kulisha na minervali ya kulipa. Ukimng'olea mboga, hukumponya minyoo, umemwongezea njaa. Na mtoto mwenye njaa hushindwa na ugonjwa upesi kuliko mtoto aliyeshiba. Tena mboga za majani ni chakula chema sana, nasi wauguzi ndio tunaosema kila siku, "Mpe mtoto lengalenga na sombe." Hatuwezi kusema kwa kinywa kimoja, "Kuleni mboga," na, "Msilime."

Kisha liko jambo la haki. Tunamtazama mwenye bustani kwa sababu yeye huonekana, ameinama juu ya tuta. Lakini uchafu ulio katika maji yake haukuwa wake. Ulitoka kwa mwenye nyumba wa juu, ambaye fosi yake imejaa tangu mwaka jana, naye hataki kulipa ili izolewe. Au ulitoka kwa yule aliyejenga vyumba sita vya kupangisha na choo kimoja kifupi. Huyu hulala salama nyuma ya ukuta wake, kisha hununua mboga sokoni, na uchafu wake humrudia mezani.

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliokuwa kambini waliamriwa kila mtu awe na chombo cha kuchimbia, na kufunika kile kilichomtoka. Angalia amri ilipewa nani. Haikusema kwanza na yule apitaye na kukanyaga. Ilisema na yule aliyekwenda haja. Mimi naona kanuni hiyo yatufaa hata leo: wajibu wa kwanza ni wa mwenye uchafu.

TUFANYE NINI BASI?

Hakuna dawa moja. Hata Shirika la Afya Duniani halifundishi kutegemea kizuizi kimoja, bali kuweka vizuizi vingi, kimoja nyuma ya kingine, ili kile kinachopita cha kwanza kikamatwe na cha pili.

Wewe mwenye nyumba au mwenye kupangisha: Funika choo chako. Fosi ikikaribia kujaa, izolewe kabla ya masika, wala usingoje mvua ikuzolee bure. Usitoboe tundu ukutani ili maji yatoke kwa jirani. Ukipangisha vyumba, hesabu watu, kisha hesabu vyoo. Hii ni sehemu ya kumpenda jirani, wala si jambo dogo kuliko sadaka.

Wewe mwenye bustani:

1. Tenga maji. Maji ya kuoshea sahani na mchele si sawa na maji ya choo. Hayo waweza kuyamwagia migomba na miti. Lakini maji yaliyofua nepi za mtoto ni maji ya choo, ingawa yana sabuni. Usiyamwage bustanini.

2. Chagua cha kupanda. Kama huna hakika ya maji yako, usipande vitunguu vya majani, karoti, seleri, wala nyanya zinazogusa udongo. Panda vitu vinavyopikwa sana au vyenye kukua juu mbali na ardhi, kama migomba na mahindi.

3. Acha maji yatulie. Yaweke katika pipa lenye kifuniko siku tatu bila kukoroga. Mayai mengi ya minyoo huzama. Chota ya juu polepole. Tope la chini lizike mbali na mboga, kwa maana humo ndimo mayai yalimokusanyika.

4. Mimina shinani, usinyunyize juu ya majani. Kopo tu lafaa kwa kazi hii.

5. Siku za mwisho kabla ya kuvuna, nywesha kwa maji safi au uache kabisa. Jua huua vijidudu vingi siku kwa siku, ingawa mayai ya minyoo hudumu. Ndiyo sababu kizuizi hiki hakitoshi peke yake.

6. Vaa bote. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kunyonyesha. Mtoto asichezee kati ya matuta.

7. Ukitaka mbolea ya choo, usitie mbichi. Katika hali ya baridi kama yetu uchafu ule ufunikwe ukae mkavu mwaka mmoja na nusu mpaka miwili kabla ya kugusa bustani. Kama huna nafasi ya kungoja, tumia samadi iliyooza au majani yaliyooza.

Wewe mnunuzi: Uliza mboga zimetoka wapi. Zikiwa za Kibumba au za Masisi, uliza pia zimeoshwa wapi kabla ya kuwekwa sokoni, maana mboga njema huweza kuharibiwa njiani. Uliza kwa heshima, bila kumwaibisha mama wa watu. Lipa bei nzuri kwa yule anayebeba maji safi, kwa sababu kama sisi sote twatafuta fungu la bei ya chini tu, sisi ndio tunaomsukuma mlimaji kwenye mfereji. Nyumbani osha kwa maji safi yanayotiririka, menya kinachomenyeka, pika kinachopikika, na osha kisu kabla ya kukata kitu kibichi.

Na ye yote akishikwa na kuhara kama maji ya mchele, asingoje kesho. Mpe serumu ya kunywa: litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo njiani mnapomleta hospitalini.

NENO LA MWISHO

Hatuwezi kuyaondoa makoro chini ya miguu yetu, wala hatuwezi kungoja mabomba ya mji mzima ndipo tuanze. Lakini ukuta unaovuja una mwenyewe, na pipa la kutulizia maji laweza kununuliwa na jamaa tatu pamoja. Katika kanisa moja hukaa mwenye fosi, mwenye bustani, na mnunuzi. Huketi katika benchi moja, hushikana mikono, kisha hurudi nyumbani na kuambukizana kwa mfereji. Yafaa wazee wa kanisa na mama wa ushirika waliketie jambo hili pamoja, na kila mmoja atamke sehemu yake.

Basi, msomaji mpendwa, kabla jua la leo halijatua, zunguka kiwanja chako. Tazama choo chako kinamwagia wapi. Kisha, ukiinua kijiko cha mboga jioni, jiulize lile swali: Maji haya yametoka wapi? Na kama jibu ni kwamba yametoka kwako, anza kazi kesho asubuhi.